Kupima mashine ya mamografia kwa matiti ya kwenye kompyuta

Kina mama wanaopita kwenye banda letu la usalama wa mionzi msimu wa Nane Nane, viwanja vya Themi hapa Arusha, hutuuliza: mnajuaje kwamba mashine ya mamografia, ile ya kupiga eksirei ya matiti kutafuta saratani, inaona kweli? Swali zuri, na jibu lake si jepesi. Aliyepigwa picha akaambiwa hana kitu hatumpasui ili kuhakikisha. Na kumpiga eksirei mara ishirini kwa mipangilio tofauti, ili tu tulinganishe picha, hakuna kamati ya maadili itakayokubali.

Ndiyo maana sehemu ya majaribio siku hizi hufanyika ndani ya kompyuta. Programu huunda titi zima: ngozi, mafuta, tezi, mirija ya maziwa, mishipa ya damu. Titi hilo hubanwa kama linavyobanwa hospitalini. (Waliopimwa wanajua kubanwa kunavyouma, lakini unene ukipungua, mionzi inayohitajika hupungua na picha hutoka safi zaidi.) Kisha hupandikizwa uvimbe wenye miiba, au chembe za kalisi ndogo kuliko nusu milimita. Baada ya hapo fotoni za eksirei hurushwa kwa mabilioni, na kila moja hufuatwa njia yake yote: imepenya, imemezwa, au imegonga kitu ikapinda. Hiyo ndiyo mbinu ya Monte Carlo. Uzuri wake ni kwamba uvimbe tumeuweka wenyewe, kwa hiyo picha ikiukosa, tunajua imeukosa.

Mwaka 2018 wataalamu wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, walichapisha jaribio liitwalo VICTRE. “Wagonjwa” wake 2,986 wote walikuwa wa kompyuta, na hata waliosoma picha walikuwa programu. Walilinganisha mamografia ya kawaida na tomosinthesisi, ambayo mtambo wake huzunguka kwa upinde ukipiga picha nyingi za mionzi kidogo, kisha kompyuta huzipanga tabaka kwa tabaka. Tomosinthesisi ilishinda, sawa na ilivyoonekana kwa wanawake halisi. Sababu inaeleweka: tundu la chandarua huliona kikitandazwa, ukikikunja mara nne limepotea. Tezi zilizolaliana hufanya hivyohivyo, kwa kuwa kwenye picha tezi ni nyeupe na saratani ni nyeupe.

Hapo ndipo jambo linapotuhusu. Wanawake wenye umri mdogo kwa kawaida wana tezi nyingi, na barani kwetu wengi wanaougua ni wadogo kuliko wagonjwa wa Ulaya. Ukijaza kompyuta matiti yenye mafuta mengi ya wanawake wa miaka 65, utapata jibu sahihi la swali la watu wengine. Mimi siwezi kupendekeza mpangilio wa mashine ya Arusha au Moshi kwa jibu hilo peke yake. Wala majaribio haya ya kompyuta hayamgusi aliyeshika uvimbe kwenye titi lake leo: huyo aende kituo cha afya kuchunguzwa kwa mikono, asisubiri mashine.

Ili matiti ya kompyuta yafanane na ya kwetu, tunahitaji kwanza daftari la chumba cha mamografia lililojazwa vizuri, bila majina: umri, unene wa titi lilipobanwa, kilovolti zilizotumika, kipimo cha mionzi. Mara nyingi safu ya unene ndiyo huachwa wazi.