Gandhi: yanayosemwa na yaliyotokea

Jina la Mohandas Karamchand Gandhi, mmoja wa viongozi waliodai uhuru wa India kutoka kwa Waingereza, linajulikana kuliko matendo yake. Watu wanakumbuka shuka, miwani na fimbo, kisha wanajazia wenyewe yaliyobaki.

"Kupambana bila kutumia nguvu ni kukaa kimya na kuvumilia."

Hii ndiyo dhana iliyoenea zaidi, nayo ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Gandhi alikuwa mchokozi. Alitafuta sheria mbovu, akaivunja hadharani, akadai apewe adhabu yake. Mwaka 1930 alichagua sheria ya chumvi, iliyowapa Waingereza ukiritimba wa kitu ambacho hata maskini wa mwisho hapiki bila hicho. Kwanza alimwandikia Lord Irwin, mwakilishi wa mfalme nchini India, kumweleza anachokusudia kufanya. Tarehe 12 Machi akatoka Sabarmati, karibu na Ahmedabad, pamoja na wenzake 78. Walitembea kilomita zipatazo 385 kwa miguu, na tarehe 6 Aprili akaokota chumvi ufukweni Dandi. Waliokamatwa katika kampeni hiyo walipita 60,000, naye akiwamo.

Yaliyofuata pale Dharasana, penye kiwanda cha chumvi, hayawezi kuitwa uoga. Tarehe 21 Mei, Gandhi akiwa kizuizini, mshairi Sarojini Naidu aliongoza umati hadi kwenye kiwanda hicho. Polisi waliwapiga kwa marungu yenye ncha za chuma, safu baada ya safu, na watu wakaanguka bila kuinua mkono hata wa kujikinga. Mwandishi wa habari Mmarekani, Webb Miller, alishuhudia, na taarifa yake ikasambaa duniani. Hesabu ya Gandhi ilikuwa hiyo hiyo: mtawala ama aiachie sheria yake, ama aonyeshe ukatili wake mchana kweupe.

Tena aliandika wazi, mwaka 1920, kwamba kama hakuna njia nyingine ila uoga au kutumia nguvu, yeye angeshauri kutumia nguvu. Ila akishaanza kampeni hakukubali kuichanganya na vurugu. Februari 1922 umati ulipochoma kituo cha polisi cha Chauri Chaura na kuua askari zaidi ya ishirini, aliisimamisha nchi nzima kampeni ya wakati huo ya kutoshirikiana na serikali, na kiongozi mwenzake Jawaharlal Nehru, aliyekuwa jela, akakasirika kweli kweli. Mwezi uliofuata Gandhi alishtakiwa kwa uchochezi. Akakiri kosa, akamwambia jaji ama ampe adhabu kali kuliko zote ama ajiuzulu. Alipewa miaka sita.

"Alikuwa mtakatifu tangu mwanzo."

Hapa msomaji wa Afrika ana haki ya kuuliza maswali. Gandhi alifika Durban mwaka 1893, wakili kijana aliyesomea London, mvaa suti na tai. Kutupwa kwake nje ya treni pale Pietermaritzburg kunasimuliwa kila mahali. Kinachosimuliwa kwa nadra ni kwamba katika maandishi yake ya miaka hiyo aliwataja Waafrika kwa neno la tusi walilotumia Wazungu, na akalalamika kwamba Wahindi wanawekwa daraja moja nao. Wazulu walipoasi kodi huko Natal mwaka 1906, yeye aliongoza kikosi cha wabeba machela upande wa Waingereza, ingawa wengi waliowahudumia walikuwa Wazulu waliojeruhiwa, na baadaye aliandika kwamba ile haikuwa vita bali uwindaji wa watu. Mawazo yake yalibadilika kadiri alivyozeeka, lakini maandishi yapo, na ndiyo sababu sanamu yake iliondolewa Chuo Kikuu cha Ghana mwaka 2018. Kuyaficha ni kumwongopea msomaji. Kuyafanya ndiyo maisha yake yote nako ni hivyo hivyo.

"Aliikomboa India peke yake."

Walikuwapo viongozi wengine: Nehru, Patel, na Abdul Ghaffar Khan aliyewapanga Wapashtuni bila silaha. Alikuwapo Subhas Chandra Bose, aliyeshika silaha. Mabaharia wa jeshi la wanamaji waliasi Bombay Februari 1946, na Uingereza yenyewe ilikuwa imetoka vitani na madeni yasiyobebeka. Uhuru ulipofika, tarehe 15 Agosti 1947, Gandhi hakuwapo kwenye sherehe za Delhi. Alikuwa Calcutta, akifunga na kusali, kwa kuwa nchi iligawanywa kuwa India na Pakistan kinyume cha matakwa yake na Wahindu na Waislamu walikuwa wakiuana.

"Aliuawa na Waingereza," au "na Mwislamu."

Aliyempiga risasi Delhi, tarehe 30 Januari 1948, ni Nathuram Godse, Mhindu kama yeye, aliyeamini kwamba Gandhi anawapendelea Waislamu.

Mengine ni madogo, ila yanarudiwa mno. Indira Gandhi hakuwa binti yake wala mkwe wake: ni binti wa Nehru, na jina alilipata kwa mumewe, Feroze Gandhi. Ule usemi wa kuwa badiliko unalotaka kuliona duniani haujapatikana katika maandishi yake, ambayo yamejaza majuzuu zaidi ya tisini. Na Tuzo ya Amani ya Nobel hakuipata kamwe, japo alipendekezwa mara tano. Mwaka 1948, miezi michache baada ya kuuawa kwake, kamati ilisema hakuna mtu aliye hai anayestahili, na tuzo ya mwaka huo haikutolewa.