Kabla ya kumpima dereva presha, namwita utingo

Madereva wa malori wanaofika kliniki ninakofanya kazi hapa Tanga huja siku moja kabla ya safari, lori likiwa kwenye foleni ya kupakia saruji Pongwe au likisubiri mzigo wa bandarini, nao huja na haraka yao: wapimwe presha, waandikiwe dawa, waondoke. Utingo hubaki nje kwenye benchi, ameshika funguo. Kwa miaka mingi nilimwacha hukohuko. Siku hizi, dereva akiridhia, namwita utingo aingie kabla sijagusa kipimo.

Namwita kwa sababu ya swali moja ambalo dereva mwenyewe hawezi kulijibu, nalo ni jinsi anavyolala. Mkewe angeweza kulijibu, lakini mtu anayemaliza wiki tatu barabarani kila mwezi hulala nyumbani siku za kuhesabika, ilhali utingo hulala naye ndani ya kabini moja, huyu kwenye kitanda cha nyuma na yule juu ya viti, kuanzia hapa hadi Tunduma na kurudi. Nilikuwa na mgonjwa wa miaka 49, dereva mzoefu, aliyekuwa akimeza dawa tatu za presha bila kukosa na bado kipimo kikasoma 172/104. Nilipomuuliza utingo, alimtazama bosi wake kwanza, kisha akasema: "Samahani mzee. Dokta, huyu anakoroma mpaka kioo kinatetema, halafu ghafla kimya. Mimi huwa nahesabu. Nikifika ishirini namtikisa."

Kimya hicho ndicho ugonjwa, kukatika kwa pumzi usingizini. Mtu anapolala, misuli ya koo hulegea, na kwa mwenye shingo nene au mwili mzito njia ya hewa huweza kuziba kabisa kwa sekunde kumi au zaidi. Oksijeni hushuka kwenye damu, ubongo humgutusha ili avute pumzi, kisha hurudi usingizini bila kukumbuka lolote asubuhi. Pumzi ikikatika mara tano kwa saa tayari tunaita ugonjwa, na ikipita mara 30 tunauita mkali. Kila anapogutuka, mwili hufanya kama umevamiwa: adrenalini hupanda, mishipa hubana, moyo hudunda kwa nguvu. Mtu wa namna hiyo huamka amechoka kuliko alivyolala, na presha yake hukaidi dawa kwa sababu kila usiku inapandishwa upya. Ndiyo maana pamoja na mkanda wa kupimia presha nina futi ya fundi cherehani. Shingo ya mwanamume ikizidi sentimita 43, namuuliza utingo maswali zaidi.

Zamani nilianzia kwenye chakula na mazoezi, nikiegemea utafiti ambao sisi watu wa magonjwa yasiyoambukiza tumefundishwa kuuheshimu. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walichapisha matokeo ya kuwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London, wakaonyesha kwamba madereva, waliokaa kutwa, walipata maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi siku nzima. Niliwasimulia madereva habari hiyo mara nyingi, na waliipenda, hasa kwa kuwa kondakta na utingo ni ndugu wa kazi. Jambo ambalo sikuwa nalisimulia ni kwamba mwaka 1956 watafiti haohao walipopekua vipimo vya sare za kazi walikuta madereva wana viuno vipana kuliko makondakta hata miongoni mwa vijana, kwa hiyo kiti peke yake hakielezi kila kitu. Nami nikimwambia dereva atembee nusu saa kila jioni, mmoja alinijibu kwa swali ambalo sikuwa na jibu lake: atembee kwenda wapi, na dizeli na mzigo amwachie nani?

Nikaanza kuuliza kuhusu usiku. Lori lililomaliza kupakia jioni huondoka Pongwe saa nne usiku, hupita Muheza, hufika Segera, na kama linakwenda kusini badala ya kupandisha Korogwe na Mombo, saa nane usiku hulikuta kati ya Segera na Chalinze. Kuanzia saa nane usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri ndipo saa ya ndani ya mwili inapomvuta kila binadamu alale, awe amezoea au hajazoea, na mvuto mdogo hurudi tena mchana kati ya saa nane na saa kumi. Dereva aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kufuatilia foleni ya kupakia, anapoondoka saa nne usiku, tayari ana saa 17 bila usingizi, na majaribio yaliyofanywa miaka ya 1990 yalionyesha kwamba mtu katika hali hiyo hufanya makosa sawa na aliyekunywa pombe hadi kiwango cha asilimia 0.05 katika damu. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa lori huenda mita 22 kila sekunde. Akisinzia sekunde tatu, lori limekwenda mita 66 bila dereva.

Wao wenyewe wanalijua hili, na wana dawa zao. Mirungi imepigwa marufuku nchini, lakini nikiwauliza kwa upole huniambia. Kemikali yake ya kathinoni huchangamsha kweli, na vilevile hupandisha presha na mapigo ya moyo, huua hamu ya kula na kufunga choo, ndipo bawasiri, ambayo kukaa kutwa kumeiandalia njia, inapopata nafasi. Baya zaidi ni kwamba haifuti deni la usingizi, huliahirisha tu. Vinywaji vya kuongeza nguvu ni kafeini na sukari nyingi, na dereva mwenye kisukari hunywa vitatu usiku mmoja akidhani ameepuka soda.

Kwa kahawa sina ugomvi nayo, maana nimekulia mji ambao birika la kahawa chungu na sahani ya kashata havikosi barazani. Ninawafundisha tu kuipanga. Kafeini huchukua kama nusu saa kuanza kazi, kwa hiyo anayehisi macho mazito aegeshe mahali penye usalama, anywe kikombe kimoja, alale dakika 20 hapohapo, na ataamka kahawa ikiwa imekwisha kuingia. Akilala saa nzima mara nyingi huamka mzito, na anahitaji muda kabla ya kushika usukani.

Chakula nitakigusia kwa ufupi. Asiyelala vya kutosha hutamani mafuta na sukari, kwa hiyo chipsi mayai ya saa saba usiku ni dalili kabla ya kuwa chanzo. Kinachonisikitisha ni machungwa ya Muheza, ambayo madereva hununua kwa viroba wakayapeleka nyumbani bila kumenya hata moja njiani.

Kwenye dawa nina lawama kwa sisi waandikaji. Tunamwandikia dereva dawa ya presha inayoongeza mkojo, naye yuko kwenye foleni ya mizani au kwenye mteremko wa Kitonga. Ataimeza siku mbili, kisha ataiacha, na pia ataacha kunywa maji, jambo linalomwekea mawe ya figo. Kwa wengi wao naanza na amlodipini, ambayo hukaa mwilini muda mrefu kiasi kwamba dozi moja iliyosahaulika haiharibu mambo, ingawa huwavimbisha wengine miguu. Mafua yakimpata njiani, duka la dawa muhimu humpa Piriton, na usiku huo anaendesha akiwa nusu usingizini. Hilo nalitaja kwa kila mmoja. Wanaotumia insulini naomba wasiiache kamwe juu ya dashibodi. Chungu chenye unyevu huipoza vizuri zaidi.

Huduma za VVU zilimzoea dereva mapema kuliko sisi, nazo hutoa dawa za miezi mitatu hadi sita kwa aliyetulia. Sisi wa presha bado tunampa vidonge vya siku 30 na kumlaumu anapokosa kurudi, naye siku ya 31 yuko Kongo.

Yule wa miaka 49 nilimpeleka akapimwe usingizi, na kwa sasa analala ubavu, ameacha bia za jioni zinazolegeza koo, na amekubaliana na tajiri wake kuondoka alfajiri. Dawa ni mbili badala ya tatu. Siku ile kabla hawajaondoka nilimfunga mkanda wa presha utingo naye, aliyekuwa anacheka. Ulisoma 138/88. Ana miaka 27, na anasubiri leseni ya daraja E, ya kuendesha malori.