Anayeangalizia si mvivu

Jumamosi, kwenye kikao cha wazazi, nimeisikia tena: "Hawa wanaoangalizia kwenye mtihani ni wavivu tu, mwalimu. Wachapeni." Nusu ya ukumbi ikapiga makofi. Mzee aliyesema namheshimu, nikanyamaza. Hapa sinyamazi.

Nafundisha baiolojia hapa Kigoma na nimesimamia mitihani mingi. Mvivu namjua. Anaandika namba yake, anabahatisha herufi za maswali ya kuchagua, kisha analaza kichwa kwenye dawati. Kikaratasi hana, kwa sababu kukiandika ni kazi. Cha mwisho nilichokamata kilitosha kwenye kiganja: mada nzima ya usafirishaji wa vitu katika viumbe hai, pande mbili, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Mtoto yule alikuwa amekesha.

Nilimwita ofisini nikamwambia anieleze osmosisi kwa Kiswahili. Mama yake anauza samaki Kibirizi. Akasema mgebuka ukiupaka chumvi, maji ya ndani yanafuata chumvi iliko, ndiyo maana asubuhi beseni linakutwa na maji ambayo hakuna aliyeyamimina. Nikamuuliza yanapita wapi. Akafikiri kidogo, akanitajia utando wa seli. Sasa uliangalizia nini? "Mwalimu, swali lilikuwa na neno silijui. Nikaogopa."

Wazazi wangu, hapa ndipo naomba tukae. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili. Anaingia Kidato cha Kwanza, karibu kila somo linageuka Kiingereza. Tunampa maandalizi ya wiki chache, halafu tunaendelea na silabasi. Anachoweza kufanya ni kukariri. (Shuleni neno hilo hilo tunalitumia kwa kurudia darasa, na wengi wanayaonja yote mawili.) Aliyeelewa akisahau neno, anatafuta jingine. Aliyekariri likimtoka neno moja, sentensi nzima imekwenda, na iliyofuata nayo. Kikaratasi ni akiba ya maneno ya lugha ambayo hajapewa muda wa kuijua. Kumchapa hakumwongezei hata neno moja.

Pepa kuvuja ni jambo jingine kabisa. Mwanafunzi hana ufunguo wa mahali mitihani inapotunzwa. Huo ni uhalifu wa watu wazima, msiuchanganye na huu.

Na presha tunaitia sisi. Matokeo ya Kidato cha Nne ya 2012 yalipotoka na zaidi ya nusu ya watahiniwa wakapata divisheni sifuri, yaani wakafeli, kila shule ilizidi kuhesabiwa kwa divisheni zake. Januari 2023 Baraza la Mitihani likaacha kutangaza shule na wanafunzi kumi bora. Nilifurahi sana. Lakini Jumamosi swali la kwanza, kabla ya uhaba wa walimu, kabla ya vitabu, lilikuwa "mwaka huu mtatoa divisheni wani ngapi?" Aliyeliuliza ni mzee yule yule.

Yule mtoto nilimfutia mtihani. Kanuni ni hiyo, na kuna wenzake waliokaa na hofu ile ile wasitoe karatasi mfukoni, siwezi kuwadhulumu. Ila nilipoandika sifuri kwenye safu ya baiolojia, mkono ulisita, na mpaka leo sijashawishika kwamba ile ilikuwa alama ya baiolojia.