Odera Oruka hakuwa mkusanya methali

Jamani leo tena nimesoma insha inasema Odera Oruka, mwanafalsafa wa Kenya, ni yule profesa aliyezunguka vijijini kuokota methali za wazee. Nafundisha falsafa, hili nalisahihisha kila muhula, na kinachoniuma zaidi ni kwamba hata wenye digrii wanalirudia.

Kazi yake kwa kifupi: alisoma Uppsala, Sweden, akapitia Wayne State kule Marekani, 1970 akaanza kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, 1974 akaanza kuhoji wazee, na falsafa ilipotengwa na idara ya dini 1980 akawa mwenyekiti wa kwanza.

Sasa sikilizeni alivyohoji. Anamuuliza mzee mila inasemaje, akishajibiwa anambana, haya wewe mwenyewe unaonaje, na kwa nini? Mzee akiishia kwenye mila, hata aijue mpaka mizizi, Oruka alimhesabu mhenga wa kawaida tu. Anayeipima mila kwa akili yake na kuikataa isiposimama, huyo ndo mwanafalsafa. Mchukue Paul Mbuya Akoko, mzee wa Kijaluo, yeye alisema Wajaluo wa zamani walikosea kudhani wana Mungu wao peke yao, kwa sababu kila kabila lingekuwa na Mungu wake maumbile yangevurugika, miungu ingevutana, na tunaona dunia inaenda kwa utaratibu mmoja. Mimi hoja hii naona ina pengo, kwani miungu haiwezi kuelewana? Lakini ona, ili nimpinge inabidi nilete hoja yangu, na hapo tayari tunafanya falsafa, mimi na yeye. Methali iko wapi hapo?

Shida ninayoiona mimi ni nyingine. Mwanafalsafa Peter Bodunrin wa Nigeria alihoji kama mawazo haya ni ya mzee kweli au ya profesa aliyemchokoza, na sijawahi kupata jibu la kuniridhisha kabisa, maana kuna maswali yamebeba jibu ndani yake na mzee anaitikia tu. Halafu huo mpaka wa makundi mawili, mhenga wa kawaida na mwanafalsafa, unayumba. Mzee huyohuyo kwenye ndoa anakariri mila, kwenye Mungu anafikiri mwenyewe, sasa utamweka wapi? Ndo maana darasani siku hizi tunapanga majibu, jibu moja moja, wazee wenyewe hatuwapangi tena.