Saruji na kuta za tembe

Nikiwa mhifadhi wa majengo ya kale hapa Tabora, swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: tembe la Kwihara, ile nyumba ya kale ya udongo yenye paa bapa, si lipigwe plasta ya saruji tu, kazi iishe?

Kwihara haiko mbali na mjini. Mwandishi wa habari Stanley alipoondoka Machi 1872 kurudi pwani, mpelelezi Livingstone alibaki hapo akisubiri wapagazi hadi Agosti, ndipo akaanza safari yake ya mwisho. Wageni huja kwa ajili ya majina hayo mawili. Mimi nawawaza zaidi wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba pembe za ndovu kwenda Bagamoyo, na mateka waliopitishwa njia hiyohiyo kutoka upande wa Ujiji. Wengi wao majina yao hayakuandikwa popote, kwa hiyo ukuta kama ule ukianguka tunapoteza sehemu ya ushahidi wao.

Sasa saruji. Ukuta wa tembe ni udongo. Unyevu hupanda kutoka ardhini, hutokea usoni mwa ukuta, jua likaukausha. Ukiuziba kwa saruji, unyevu hauna pa kutokea. Isitoshe, udongo hutanuka wakati wa mvua na kusinyaa kiangazi, saruji haifuati, inapasuka. Maji yakishaingia kwenye ufa hayatoki. Kwa nje unaona ukuta mzima, kumbe chini karibu na msingi udongo umeshakuwa tope. Gonga kwa kidole: ukilia kama debe tupu, plasta imeshaachana na ukuta.

Kinachofaa ni udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga na nyasi zilizokatwakatwa, ukalowekwa, kisha ukakandikwa kwa mkono. Mchwa hao hao wanaotutafunia boriti za paa ndio wanaotupa udongo mzuri! Saruji ya zamani ibanduliwe kiangazi, kipande kwa kipande, maana hutoka na udongo wa ukuta.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, na ni sheria nzuri. Lakini ukuta wa udongo unataka kukandikwa upya mara kwa mara, na hapo ndipo bajeti hukwama. Ninachoomba ni fungu dogo la kila mwaka la mafundi wa kukandika na vijana wa kujifunza kwao, litoke mapema, kazi ikamilike kabla ya mvua za Novemba.