Bolti ya Sheko Ikiganda, Okoa Chesisi Kwanza

Wiki iliyopita nilishusha springi za nyuma za Land Rover 109, Series III, gari lililoishi pwani ya Tanga miaka yake yote. Kwa juu lilikuwa safi. Bodi ya magari haya ni ya aluminiamu, haishiki kutu nyekundu, kwa hiyo mwenyewe anaendesha akiamini gari ni zima. Ukilala chini ndipo unauona ukweli: chesisi, ile fremu inayobeba gari, ni chuma cha kawaida, na chumvi ya bahari haijawahi kupumzika.

Nizungumzie bolti za sheko tu, yaani zile za vibamba viwili vinavyounganisha ncha ya springi na chesisi. Hapo nimeona chesisi nyingi zikiumizwa na nyundo ya fundi kuliko na kutu yenyewe.

Jua kwanza bolti imeshikwa wapi. Bushi, inayokaa ndani ya jicho la springi (tundu la ncha yake) na ndani ya chesisi, ina kibomba cha nje cha chuma, mpira katikati, na kibomba cha ndani ambamo bolti hupita. Maji yakiingia kwenye kibomba hicho hayana pa kutokea. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, hivyo huvimba katika uwazi ule mwembamba na kuikaba bolti kwa urefu wake wote. Ndiyo maana nati inaweza kufunguka vizuri na bolti isisogee hata kidogo. Ukiigonga, pigo linamezwa na mpira, nyundo inakurudia.

Land Rover za Series zina jambo jingine ambalo vijana wengi hawaambiwi. Bamba la ndani la sheko lina nyuzi za skrubu kama za nati. Bolti imesokotwa humo kwanza, nati ni ya kukazia tu. Asiyejua anatoa nati, anachukua nyundo nzito, anaanza kupiga bolti ambayo bado imeng'ang'aniwa na nyuzi. Nilipokuwa najifunza kazi tulifanya hivyo asubuhi nzima. Bolti haikutoka, kilichopinda ni kishikio cha sheko kwenye chesisi. Bati la chesisi ni kama milimita 2, na lililoliwa na kutu ni pungufu ya hapo.

Kwa hiyo mimi hupanga hivi: bolti, bushi na sheko vyote ni vya kutupwa, vinauzwa dukani. Chesisi ndiyo isiyoguswa.

Siku mbili tatu kabla ya kazi napiga brashi ya waya, namwagia mafuta ya kulegeza kutu asubuhi na jioni, na kugonga kichwa cha bolti kidogokidogo ili mafuta yapenye. Siku ya kazi natumia soketi ya pembe sita, maana ile ya pembe kumi na mbili hula kona za nati. Naanza kwa kukaza kidogo, kisha nalegeza, nakaza tena, nalegeza. Bolti ikizunguka pamoja na kibomba chake, mpira ukijisokota na kurudi, naacha kubishana nayo. Nachukua grenda.

Hapo tafadhali usiharakishe. Chesisi ikae kwenye stendi imara, ekseli ishikwe na jeki, ishushwe hadi springi isibebe mzigo. Bolti ikikatwa springi ikiwa bado na nguvu, inaruka, na inaruka kuelekea usoni kwako. Sogeza paipu za breki na waya. Kisha kata bolti kati ya bamba la sheko na jicho la springi, pande zote mbili. Springi inashuka yenyewe, na chesisi haijapigwa hata pigo moja.

Moto wa gesi nautumia kwa nadra, na ni kwenye nati tu. Mpira wa bushi ukishika moto hutoa moshi mbaya na hauzimiki upesi, na tangi la mafuta haliko mbali. Shokapu usiipashe moto kabisa, inaweza kupasuka.

Inabaki bushi iliyomo ndani ya chesisi. Natoboa mpira kwa drili hadi kibomba cha ndani kitoke. Kile cha nje nakikata kwa mkono: napitisha ubao wa msumeno wa chuma ndani ya tundu, naufunga tena kwenye fremu yake, nakata mfereji mmoja kwa urefu. Ni kazi ya kuchosha, lakini mkono unahisi chuma kinapokaribia kuisha, grenda haihisi. Kibomba kikishakatika, patasi ndogo inakikunja kuelekea ndani na kinatoka. Bushi mpya naivuta kwa bolti ndefu, washa nene na kipande cha bomba, siyo kwa nyundo.

Bolti mpya naipaka grisi ya shaba mwili mzima kabla ya kuiingiza, ili fundi wa miaka ijayo asikate tena. Grisi isifike kwenye mpira, huulainisha ukaoza. Halafu naifunga kwa kushika tu. Kukaza kwa mwisho hufanyika gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, limetikiswa likakaa. Ukikaza likiwa linaning'inia, kibomba kinabanwa katika mkao ule, na gari likishuka mpira unabaki umesokotwa siku zote. Bushi hizo huchanika mapema, na mwenye gari atarudi akilalamika kuwa spea ni feki.