Paa lililochoka: lini kuziba, lini kuezua

Mafundi wana kauli ambayo mwenye nyumba akiisikia huingiwa na hofu ya gharama: "Paa limechoka." Wengi huielewa kuwa linavuja, lakini hayo ni mambo mawili. Paa la mwezi jana laweza kuvuja kwa sababu ya msumari mmoja uliopigwa vibaya, na paa lililochoka laweza kupita msimu mzima wa mvua bila tone kufika kitandani. Paa huchoka pale kifuniko chake, au mbao zinazokibeba, zinapopoteza nguvu mahali pengi kwa wakati mmoja. Linalovuja huzibwa. Lililochoka huezuliwa na kuezekwa upya.

Ugumu wa kwanza ni kujua maji yanatoka wapi. Chumba chetu cha kulala kiliwahi kuwa na doa la kahawia darini, juu kidogo ya dirisha. Fundi alipanda mara tatu kupaka lami usawa wa doa lile, na mara tatu mvua ikalirudisha. Siku niliyopanda mwenyewe juu ya dari na tochi, mvua ikinyesha, ndipo nilipoona: maji yalikuwa yanaingia kwenye tundu la msumari karibu na kofia, lile bati linalofunika kilele cha paa, yanashika ubao wa kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, na kuteleza nao zaidi ya mita mbili, kisha yanafika penye kifundo cha mbao na kudondoka. Tangu hapo, mtu akiniambia "panavuja hapa", namwambia aanzie hapo kutafuta, akipanda kuelekea kileleni.

Doa lenyewe nalo husomeka. Likiwa na pete ndani ya pete, limelowa na kukauka mara nyingi. Lizungushie mstari wa penseli na uandike tarehe. Likivuka mstari baada ya mvua, maji bado yanaingia. Kama matone yanaonekana alfajiri, siku ambazo hakukunyesha, usitafute tundu. Huo ni mvuke wa ndani ya nyumba uliogusa bati la baridi usiku ukageuka maji, na dawa yake ni kufungua njia ya hewa kati ya dari na paa.

Bati ndilo rahisi kulisoma. Chuma chake kimepakwa zinki, na zinki hukubali kuliwa polepole ili chuma kipone. Unga mweupe juu ya bati ni zinki inayoliwa, na hapo muda bado upo. Wekundu ni chuma chenyewe. Ukiuona kwenye kingo zilizokatwa au kuzunguka misumari tu, sugua na upake rangi ya kuzuia kutu. Ukitapakaa katikati ya bati, na zaidi pale bati moja linapolalia jingine, zinki imekwisha. Kuna kipimo ninachokiamini kuliko vyote: panda juu ya dari mchana wa jua kali, zima tochi, tulia hadi macho yazoee giza. Nukta mbili tatu za mwanga ni kazi ya asubuhi moja. Ukiona mwanga umetapakaa kama nyota, jibu umelipata.

Misumari ina habari yake. Bati la mita 6 likipanda joto kwa nyuzi 40 hurefuka karibu milimita 3, na usiku likipoa hujirudi. Mwendo huo wa kila siku hupanua tundu, jua nalo hupasua mpira ulio chini ya kichwa cha msumari, hadi msumari unaanza kuchomoza. Hilo peke yake halijawa kuchoka. Ng'oa, weka skrubu za paa zilizo nene kidogo kuliko msumari, zenye mpira mpya. Lakini skrubu ikizunguka tu bila kushika, tatizo limehamia kwenye mbao, na hapo ndipo pa kuwa mkali.

Simama mbali na nyumba utazame mgongo wa paa dhidi ya anga. Ukibonyea katikati, kenchi zimelegea au zimeoza. Juu ya dari, choma mbao kwa bisibisi, hasa zile za ukingoni karibu na mfereji wa maji, ambako huoza kwanza. Ikizama kama kwenye mkate, mbao hiyo imekwisha. Tafuta pia vijia vya udongo vya mchwa. Mbao zikiwa mbovu kote, kuziba ni kupoteza fedha hata kama bati linang'aa, na kulaza bati jipya juu ya la zamani ni kufunika ubovu na kuongeza uzito juu ya mifupa iliyokwisha dhoofu.

Vigae havisumbui sana: vilivyopasuka hubadilishwa kimoja kimoja, ila vikianza kumeguka na kuachia unga kote, vimezeeka pamoja. Paa la zege liangalie siku mbili baada ya mvua. Dimbwi ambalo bado lipo linatafuta ufa, na zege likibanduka kwa chini na kuonyesha nondo zenye kutu, mwite mhandisi.

Ukibaki na shaka, hesabu viraka. Sehemu ileile ikivuja tena baada ya kuzibwa, huenda tundu halisi halijapatikana. Endelea kulitafuta kabla ya kuezua. Kila mvua ikileta sehemu mpya, paa limechoka.

Mahali pamoja ushauri huu wa kusugua, kutoboa na kuziba haufai: mabati ya kijivu ya saruji yenye asbesto, yaliyo kwenye majengo mengi ya zamani. Usiyatoboe, usiyakate, usiyasugue kwa brashi, kwa sababu nyuzi zake zikivutwa kwa pumzi husababisha saratani. Wala usiyakanyage, maana yakizeeka huvunjika ghafla chini ya mguu. Hata tundu moja tu, mwite mtu aliyefunzwa kazi hiyo.